Mikia Iliyosubiri Mgeni Rasmi

Joisi, na ninyi wengine mliobaki na bustani,

Mkuu wa kituo aliniomba niandike uzoefu wangu wa kazi ili ubaki hapo kituoni kwa faida yenu. Nadhani alitarajia ukurasa mmoja wenye shukrani juu na shukrani chini. Lakini kilichostaafu ni mikono, ulimi bado uko kazini, na sasa hakuna wa kuniita ofisini nijieleze. Habari za vyeo mtanisamehe. Mkata majani hapandi cheo, anapanda ngazi tu, na ile ngazi ya stoo mnajua wenyewe kwamba mguu wake mmoja umefungwa kwa waya. Nitawaeleza nilivyoanza, aliyenifundisha, na jinsi nyasi zetu za mikia zilivyokufa, maana najua mmesimuliwa vingine.

Nilifika kituoni nikiwa msichana wa kijiji cha Singe mwenye ufagio wake mwenyewe. Kwetu, kama kwenu nyote, uwanja mzuri ni ule uliofagiliwa hadi udongo ukabaki na mistari ya fagio, bila jani hata moja. Jani likiota karibu na mlango, majirani huuliza kama mwenye nyumba anaumwa. Majani yana mahali pake: shambani yakingoja jembe, au zizini yakingoja ng'ombe. Sasa fikirini mimi naingia getini siku ya kwanza, nakuta mbele ya jengo la utawala, mahali pa heshima kabisa, mstari wa nyasi kavu za rangi ya kahawia, ndefu kunizidi, zinayumba na upepo wa mlima Kwaraa kama walevi wanaorudi nyumbani. Niliona aibu kwa niaba ya ofisi nzima. Nikajua ndiyo sababu nimeajiriwa.

Chini ya ukuta alikuwa amekaa mama mmoja mfupi, mpana, ananoa mundu kwenye jiwe bila kuniangalia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Naomba panga, mama, nianze kufyeka haya majani. Naona yamewazidi."

Alinitazama kuanzia kandambili hadi kitambaa cha kichwani. "Yamemzidi nani?"

"Yamewazidi... hapa kituoni."

"Haya majani nimeyapanda mimi," alisema, akarudi kwenye mundu wake.

Nilicheka. Mtu mzima, mwenye akili zake, amepanda majani! Hicho ndicho kicheko cha mwisho nilichoruhusiwa kwa muda mrefu. Huyo alikuwa Mama Bura, mtunza bustani wa kituo, na mimi nilikuwa nimeletwa kuwa msaidizi wake.

Baadaye nilikuja kujua kwamba mkuu wa enzi hizo alitaka maua. Yaliletwa maua ya kila namna, na kiangazi cha Babati kikayachukua yote, upepo ukamalizia vibao vya majina yake. Mama Bura akachoka kumwagilia vitu vinavyokufa. Akaenda miguuni mwa Kwaraa, akachimba nyasi pori zenye mikia ya zambarau, akazipanda kwenye mstari mbele ya ofisi na kuzitunza kama mtu anavyotunza waridi. Tuliziita mikia. Wakati wa mvua zilikuwa kijani, mikia ikitoka ilikuwa zambarau, na kufikia mwezi wa sita ikawa rangi ya asali. Asubuhi, jua likipita katikati yake, hata madereva wa barabara ya Bonga walipunguza mwendo. Mimi nilichelewa kuona uzuri huo kwa sababu nilikuwa bado naufikiria ufagio wangu.

Msimu wangu wa kwanza sikuruhusiwa kushika mundu. Kazi yangu ilikuwa kufunga. Ninyi mnaona kufunga ni jambo dogo, kwa hiyo nitalieleza taratibu. Unavaa soksi kuukuu mikononi hadi juu ya kiwiko, zikiwa zimekatwa vidole, maana jani la mkia lina makali pembeni na hutajua limekukata mpaka uoge. Unaligonga shina kwa fimbo, unasubiri, ili kama kuna nyoka au kalunguyeye ndani apate nafasi ya kuondoka kwa heshima. Kisha unalikumbatia shina lote na kulizungushia kamba ya katani, moja usawa wa goti, nyingine usawa wa kifua. Likibaki legevu utakuwa umefanya mchezo. Likibanwa sana, majani yanavunjika na mganda unamwagika. Fundo liwe la kufunguka kwa mvuto mmoja. Na usitumie waya, hata Mkuu akikununulia.

Nikishafunga, Mama Bura anakuja na mundu wenye meno, anakata ngumi mbili kutoka ardhini, na mganda mzima unalala chini kwa adabu. Ukikata bila kufunga utashinda kutwa unaokota majani, na upepo wetu utakusaidia kuyafikisha sokoni.

Jambo la pili ni wakati. Kata mwishoni mwa kiangazi, mawingu yakianza kukaa juu ya Kwaraa na kabla hayajashuka. Ukiwahi, jua linachoma shina lililo wazi. Ukichelewa, machipukizi yanakuwa yameshapanda ndani ya majani makavu na utayakata vichwa. Na usipokata kabisa, jipya linaota ndani ya lililokufa, halioni jua, linakuwa jeupe kama jino, linaoza. Mama Bura alinifanya nirudie maneno haya huku nafunga, kama mtoto wa katekisimu. Kumbukeni hapa, kwa sababu yote yaliyofuata yanatokana na hapa.

Miavuli ni habari nyingine. Hiyo ni jamaa ya ndago, ile inayowatesa shambani, ila hii imekua na kupata vichwa vya kupendeza. Ukivingirisha bua lake kati ya vidole utahisi pembe tatu. Miavuli haikauki yote kwa pamoja, kwa hiyo haifyekwi yote kwa pamoja. Unachagua bua lililozeeka, unalikata chini kabisa, unaliacha changa. Ile iliyo nyuma ya bomba niliichimba mwenyewe ziwani, mwaka ule ule wa kwanza. Mama Bura alinituma asubuhi, nikamwuliza, "Na viboko je, mama?"

"Viboko wanakula majani," alisema. "Wewe ni jani?"

Nilikwenda, nikachimba huku shingo imegeukia majini, nikarudi mbio na mizizi na tope hadi kiunoni. Aliipokea bila kunisifu. Alisema tu kwamba nimechukua kidogo.

Kulikuwa na mkuu mmoja, wa pili katika wakuu niliowaona, aliyetaka mikia ikatwe kila mwezi iwe fupi kama kichwa cha mwanafunzi. Mama Bura alimjibu, "Ndiyo, Mkuu." Mwezi uliofuata akaulizwa tena, akajibu, "Ndiyo, Mkuu, nimenoa mundu." Mwezi mwingine, "Ndiyo, Mkuu, nangoja kamba." Alimjibu hivyo hadi mzee wa watu akahamishwa mkoa. Hii nayo ni zana ya bustani, na haihitaji kunolewa. Inafanya kazi kwa wakuu wanaokaa ofisini. Kwa mkuu anayetoka nje kukagua, haifai.

Kila baada ya miaka michache shina la mkia linakufa katikati na kubaki duara lenye upara. Hapo unachimba lote, unalipasua kwa mtaimbo, unarudisha vipande vyenye afya. Hii ndiyo kazi iliyonivunja mgongo, si umri. Vipande vilivyozidi nilivitupa juu ya mzigo wa majani makavu, na mzigo wote ulikwenda kijijini Mutuka kwa Mama Bura, uwe chakula na malalo ya ng'ombe wake. Ndivyo ilivyokuwa tangu zamani, na alipostaafu aliniachia agizo moja tu, pale getini, kanga mpya ya kuagwa ikiwa bado imekunjwa kwapani.

"Kila mwaka kabla ya mvua niletee mzigo wa ng'ombe. Nisipouona nitajua umekufa, au umepewa cheo."

Nikapeleka. Neema wangu alizaliwa, akasoma, akaolewa, na kila mwaka mzigo ukaenda Mutuka. Nikawa Mama Neema wa mikia. Mwaka huu wa mwisho nilikuwa na nia moja: nikate mara moja ya mwisho, nipeleke mzigo, na nikukabidhi wewe Joisi mstari mzima ukiwa hai, kama nilivyokabidhiwa. Sikuwa nataka kitu kingine kituoni. Hata sofa ya kuagwa sikuitaka.

Mkuu wa sasa mnamjua, na sitamsingizia. Ni mtu mwema. Anasalimia hadi walinzi, anauliza watoto wanaendeleaje, na anakumbuka ulichomjibu. Tatizo lake ni mstari ulionyooka. Viti vya mkutano anavivutia kamba. Akiona sufuria za jikoni zimepangwa kwa ukubwa, siku yake inakuwa njema. Sasa mtu kama huyo, mwishoni mwa kiangazi, anashuka kwenye gari anakuta nimemaliza kufunga mikia yote, mganda baada ya mganda, kamba usawa wa goti na kamba usawa wa kifua, kuanzia mlingoti wa bendera hadi ukutani. Nami nilikuwa nimefunga vizuri. Nilijua ni mara ya mwisho, kwa hiyo nilifunga kama navisha bibi harusi.

"Mama Neema!" alisema. "Hiki ni nini?"

"Nimefunga, Mkuu. Kesho nakata."

"Ukate?" Alitembea toka mwanzo hadi mwisho wa mstari, akarudi. "Mama, haya yamesimama kama askari wa gwaride. Miaka yote hii nilidhani ni majani tu. Mgeni rasmi anakuja kuzindua ukumbi. Usiguse hata moja."

"Mkuu, hii ni kwa ajili ya kukata. Ikibaki hivi..."

"Mpaka mgeni aje. Ni siku chache tu."

Nilimwambia, "Ndiyo, Mkuu." Siku chache nikaona si neno.

Mnajua kinachotokea Babati mgeni rasmi akitajwa. Chokaa inatafutwa. Mawe ya pembeni mwa njia yalipakwa, na miti ikapakwa hadi usawa wa kiuno, kama kawaida, ili mgeni asije akaigonga kwa kichwa mchana kweupe. Yakapakwa matairi ya maua, bomba, na lile jiwe la Mama Bura la kunolea. Aliyepaka alikuwa ameambiwa apake kila kilichosimama, na mimi nilihama pale niliposimama. Niliporudi kutoka kunywa chai, miganda yote ilikuwa nyeupe kuanzia chini hadi kamba ya kwanza. Mkuu alikuwa ameshika kiuno, anatabasamu. Kweli ilikuwa imenyooka.

Mgeni rasmi akaahirisha. Ana majukumu. Akaahirisha tena, majukumu yakiwa yameongezeka. Mawingu yakazidi kuwa mazito juu ya Kwaraa, nami nikaanza kukosa usingizi. Asubuhi moja nilipanua mganda kwa vidole, nikachungulia ndani. Machipukizi yalikuwa yameanza. Nikaenda ofisini.

"Mkuu, naomba nikate. Yanaota ndani, hayana hewa."

"Si uzuri huo? Yanaota."

"Yataoza, Mkuu."

"Mama Neema, mgeni akija akakuta vipande vya majani ardhini nitasema nini? Vumilia. Mimi mwenyewe navumilia."

Siku hiyohiyo simu ililia. Ilikuwa Mutuka, mjukuu wa Mama Bura amemshikia simu sikioni.

"Umekufa?" aliuliza, bila salamu.

"Shikamoo mama. Sijafa."

"Basi umepewa cheo."

Nikamweleza yote. Akauliza, "Wamepaka nini?"

"Chokaa, mama."

"Majani?"

"Majani."

Alicheka hadi nikasikia mjukuu anamwambia apumue. Alipomaliza sauti yake haikuwa na kicheko. "Kata," alisema.

Nikakata. Nilianza na shina la pembeni kabisa, karibu na ukuta, nikidhani litanipa muda wa kuendelea na mengine. Mkuu aliliona pengo kabla sijafika shina la pili. Hakugomba. Ningependa angegomba. Alihuzunika kama mtu aliyeng'olewa jino la mbele, akaagiza mundu wangu upelekwe ofisini, ukafungiwa kabatini pamoja na mhuri wa kituo. Kisha akaita fundi. Fundi akachonga mti, akaupigilia katikati ya lile shina nililolikata, akaufunga majani ya ngano yaliyoombwa kwa watu, kamba mbili, chokaa chini. Pengo likazibika. Nilisimama nikimtazama anapiga nyundo juu ya shina ambalo nililipasua kwa mtaimbo mwenyewe, na nilitamani kumuuma.

Mvua ikaja kabla ya mgeni. Ilishuka kutoka Kwaraa mchana, chokaa ikamwagika mpaka barazani, na kesho yake ikapakwa upya juu ya majani mabichi kwa maji. Ikanyesha tena, ikapakwa tena. Maji yaliingia katikati ya miganda na hayakuwa na pa kutokea. Ukipita karibu ulisikia harufu kama ya maharage yaliyosahaulika chunguni. Wakubwa wote walipita karibu, na wote walisema ni harufu ya mvua.

Mwishowe mgeni rasmi akafika, chini ya mwavuli, viatu vyake vikiwa na tope la Babati kama vya mtu yeyote. Hotuba ikasomwa, utepe ukakatwa. Akiwa anarudi kwenye gari, alisimama mbele ya miganda. Nilikuwa nyuma ya akina mama wa kwaya na nilisikia kila neno.

"Hii ni nini?"

"Ubunifu wetu wa kituo, mheshimiwa," alisema Mkuu. "Tumetumia malighafi za mazingira yetu."

"Safi sana." Mgeni alitembea hadi mwisho, akagusa ule wa ukutani, ule wa ngano na mti. "Hasa huu. Umesimama vizuri kuliko yote. Taasisi nyingine ziige."

Watu wakapiga makofi. Mti ule haukuyumba, kusema kweli.

Nanyi mnajua kwamba ziliiga. Ndani ya msimu huo mji mzima ulifunga majani. Watu waliokuwa wakinicheka miaka yote kwa kutunza nyasi walianza kutafuta nyasi. Nyumba ya wageni moja njia ya Bonga haikuwa na nyasi za kufunga, ikafunga mchaichai. Jirani yangu Singe naye akafunga mchaichai wake na kuupaka, na nilipokwenda kumsalimia nikanywa chai yenye ladha ya ukuta. Nikaja kwa Mkuu mara ya tatu. "Mgeni ameshakuja, Mkuu. Nipe mundu." Akaniambia kuna ugeni wa taasisi tatu unakuja kujifunza kwetu, nikate halafu wajifunze nini?

Hivyo ndivyo ilivyofika siku ya kuniaga, mikia ikiwa bado imefungwa. Mlikuwepo wengi wenu. Mkuu alihutubia vizuri, akataja hadi homa ya Neema ya utotoni. Kisha akanipa kile cheti chenye fremu ya dhahabu, na mshereheshaji akasoma kwa sauti: "Kwa kutambua ubunifu wa Mama Neema katika upambaji wa majani kwa kufunga na chokaa." Akina mama wakapiga vigelegele. Nilikishika mbele yangu kama sinia. Halafu Mkuu akasema, kwa moyo mweupe, "Mama, leo ni siku yako. Omba lolote."

Nadhani alitegemea mabati.

"Naomba ruhusa nikate mikia," nilisema.

Mkuu alifikiri, kisha uso wake ukang'aa, nikajua nimeumia. Aliona sherehe. Aliagiza utepe na mkasi, tukatoka nje wote na vipaza sauti, na yeye mwenyewe akajitolea kukata mganda wa kwanza kwa heshima yangu. Mkasi ule wa utepe haukukata hata majani matatu. Akaurudisha kwenye sinia, akaushika mganda kwa mikono miwili na kuuvuta kidogo, apate nafasi.

Ukang'oka wote. Ulitoka na kitako chake, mweusi, unachuruzika, mchwa wakianguka kwenye viatu vya suti. Mizizi haikushika hata punje ya udongo. Mkuu aliuangalia, akaniangalia, akatuangalia wote, na kwa kuwa hakujua la kufanya akauinua juu. Watu wakapiga makofi. Walidhani ndivyo unavyotoka. Mpiga picha alimwomba auinue tena.

Mlipokwenda kwenye pilau mimi nilibaki. Nilisukuma mganda wa pili kwa kidole, ukalala. Nikasukuma wa tatu. Nilikwenda hivyo toka mlingoti hadi ukutani, na uliobaki umesimama ulikuwa ule wa mti. Nikalia. Mshereheshaji aliniona kupitia dirishani, akatangaza kwamba mama yetu amezidiwa na furaha. Sikuwa nimezidiwa na furaha. Nilikuwa nimepokea kitu kikiwa hai na nimeshindwa kukikabidhi, na nilikuwa nimeshika cheti kinachonipongeza kwa hilo.

Wiki iliyofuata nilikwenda Mutuka mikono mitupu, bila mzigo, na cheti kwenye mfuko wa plastiki. Mama Bura sasa amepungua, mgongo umepinda, ila jicho lile la kandambili hadi kitambaa bado analo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Leo umeleta nini?"

Nikampa cheti. Mjukuu akamsomea. Aliomba arudiwe pale kwenye chokaa.

"Ulifunga vizuri?" aliniuliza.

"Nilifunga vizuri mno, mama."

"Nilikufundisha mimi," alisema, na tukacheka wote wawili, mimi nikiwa na machozi hadi kidevuni. Kisha akanyanyuka kwa fimbo, akanivuta mkono hadi nyuma ya nyumba, kwenye mteremko wa shamba lake la mahindi.

Juu ya makinga maji, toka ukingo hadi ukingo, ilisimama mikia. Vile vipande nilivyovitupa juu ya mizigo ya ng'ombe miaka yote, yeye alikuwa akiviokota na kuvichomeka kwenye matuta vizuie udongo. Haikuwa imenyooka hata kidogo. Mahali pengine ilikuwa imeng'atwa hadi chini, mahali pengine nusu, na kila mahali palipong'atwa pamechipua kijani kibichi kabisa. Ng'ombe wake alikuwa katikati, anatafuna, hatuangalii.

"Huyo anakata lini?" niliuliza.

"Akisikia njaa," alisema Mama Bura. "Hajawahi kungoja mgeni."

Alinipa mtaimbo. Mgongo ulinikatalia, nikachimba hivyo hivyo, yeye amesimama ananiambia nachukua kidogo.

Joisi, ile Jumatatu mliyoniona naingia kwa geti la nyuma na gunia, mkadhani nimesahau kwamba nimestaafu, nilikuwa nimekuja kukukabidhi. Mashina yako nyuma ya jiko, kati ya shimo la majivu na kamba ya kuanikia matambara, mahali ambapo hakuna mgeni rasmi aliyewahi kupitishwa. Mundu uko chini ya debe la majivu. Ni wa Mama Bura, wangu bado uko kabatini na mhuri. Mwishoni mwa kiangazi funga asubuhi na ukate asubuhi hiyohiyo, usilaze. Mzigo upeleke Mutuka. Na mtu yeyote mwenye tai akikuta yamesimama akakuuliza ni nini, usimweleze kitu. Mwambie ni majani ya ng'ombe.